Bahasha na Mkono Ulioshika Kamba

Akina mama wenzangu, Bwana asifiwe. Na ninyi akina baba watatu mliokuja kutusindikiza, asanteni, lakini msisimame mlangoni kama wageni. Ingieni, benchi la nyuma lina nafasi.

Nimepewa muda mfupi kabla ya maombi, na nilichokuja nacho ni habari ya mbwa. Naona wengine mnatazamana. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipokuwa naiwaza. Ni habari ya mbwa, ya kamba yake, na ya dada aliyeshika kamba hiyo. Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo ibada ikiisha msinifuate nje kuniuliza huyo dada anakaa wapi. Hakai popote. Ila mkisikiliza vizuri, huenda mkamkuta amekaa karibu yenu.

Dada huyu alikuwa askari wa hifadhi, katika kijiji cha kwenye baridi kilichopakana na msitu. Kazi yake ilikuwa kufuata harufu za watu kwa kutumia mbwa. Mama amekwenda kuokota kuni, ukungu umeshuka, njia ya kurudi haioni: anaitwa dada na mbwa wake. Mzee ametoka nyumbani asubuhi na mpaka jioni hajaonekana: anaitwa dada na mbwa wake. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, mwembamba, rangi yake sawasawa na ile bahasha ya kaki ya ofisini, ndiyo maana kwenye kambi yao ya mbwa walimwita Bahasha.

Sasa, sisi tunaodhani mbwa wa namna hiyo ananusa tu na kazi inakwisha, hapana. Kuna mtu nyuma yake, na kati ya mtu na mbwa kuna kamba ndefu, mita kumi hivi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Hiyo kamba ndiyo inayowatoa watu jasho. Ukiilegeza mno inaburuta chini, inanasa kwenye visiki, inamzonga mbwa miguuni. Ukiikaza mno mbwa anaacha kunusa, anaanza kukusikiliza wewe. Unatakiwa uishike kwa mikono miwili, mmoja unaachia, mwingine unakusanya, iwe na uzito kidogo tu, kama vile unavyoshika mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Unakuwa naye, lakini hatua ni za kwake.

Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini, wote walimwita Afande. Alikuwa na sauti nene na moyo laini. Alikuwa mtu ambaye wakirudi wote na kiu, anamwekea mbwa maji kwanza, halafu wanafunzi, halafu ndiyo anakunywa yeye. Siku ya kwanza alimwambia dada, "Binti, hiyo kamba siyo usukani. Usiendeshe mbwa. Mbwa siyo pikipiki."

"Nimeelewa, Afande."

"Hujaelewa. Utaelewa ukishakosea."

Na kweli alikosea. Siku moja Afande alimtuma mpishi wa kambi apite shambani, azungukezunguke, kisha akajifiche nyuma ya tangi la maji, ili Bahasha afundishwe kumfuata. Dada alichungulia dirishani akaona mpishi anaelekea wapi. Zoezi lilipoanza, Bahasha alikwenda moja kwa moja, hakusita hata mara moja. Wenzake wakapiga makofi. Afande hakupiga.

Kesho yake akamwambia dada, kama vile limemponyoka tu, "Leo tena mpishi yuko tangini." Dada akafunga kamba, wakaondoka. Bahasha akaenda tena moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akakaa chini, akatikisa mkia. Nyuma ya tangi hapakuwa na mtu. Mpishi alikuwa upande mwingine kabisa, kwenye banda la kuni, anatafuna hindi la kuchemsha.

"Bahasha amenidanganya!" dada akasema.

"Hajakudanganya," Afande akajibu. "Amekuheshimu. Wewe ulishaamua mtu yuko tangini, na mkono wako ukamwambia. Kila alipogeukia kwingine, kamba ilikaza kidogo. Alipogeukia tangini, ikalegea. Mbwa huyu anakupenda. Akiona unataka sana kitu, atakupa hicho hicho, hata kama hakipo."

Mmelisikia hilo? Kila anayefanya kazi ile hulikosea mara moja, na asiyefanya kazi ile hawezi hata kuliwaza. Dada hakuvuta kamba. Angeapa mbele yenu kwamba hakuvuta, na asingekuwa mwongo. Mkono ulisema wenyewe.

Tuliache hilo hapo, tuje nyumbani kwake.

Dada aliishi na mama yake, wawili tu. Alikuwa na kaka mkubwa aliyekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo, na kaka huyo alikuwa hapigi simu mara nyingi. Lakini jina lake halikukauka mdomoni mwa mama. Dada alipoezeka nyumba kwa mabati mapya, mama alitoka nje, akayatazama yanavyometa, akasema, "Kaka yako akija atafurahi." Dada alipoumwa homa, mama alimkanda usiku na mchana, na katikati ya kumkanda akasema, "Sijui kaka yako huko nani anamuuguza." Kila siku basi la mchana likikaribia, mama alijikongoja na miguu yake ya kuvimba hadi kituoni, akasimama kutazama wanaoshuka.

Dada alimpenda mama yake. Na alikuwa na hamu moja tu, ambayo hakumwambia mtu. Alitaka mama aje kambini siku moja, amwone akiwa kazini. Aone jinsi Bahasha anavyomtii. Aone wanaume wazima wanavyomsogelea kumuuliza, "Dada, tupite wapi?" Siku walipopewa vyeti, ndugu walialikwa, na kila askari aliwekewa viti viwili vya ndugu zake. Viti vya dada vilikaa wazi. Mama alikuwa amesema, "Mimi na mbwa wapi na wapi? Wakiniuma?" Mpishi alipoviona viti vile, alivua aproni yake akaenda kukalia kimoja, akapiga makofi kama shangazi wa harusini. Mungu ambariki mpishi. Lakini dada alimtazama mpishi pale kitini, na macho yake yakawa yanamtafuta mtu mwingine.

Miaka sita ikapita hivyo. Mtu akikaa muda mrefu na hamu isiyojibiwa, hufika mahali anaigeuza kuwa habari aliyokwisha kuthibitisha. Dada alijiambia, "Mama ana mtoto mmoja. Na siyo mimi."

Sasa asubuhi moja, chai iko mezani, mama akasema, "Nimemwota kaka yako amekonda."

Siku zote dada alikuwa akinyamaza. Siku hiyo hakunyamaza. Alisimama, akavaa buti, akasema, "Basi mwite mwanao aje akulishe. Mimi naenda kwa mbwa, angalau wale wananijua jina." Akatoka. Mama akabaki na kikombe mkononi.

Kuna mwenye mtoto analia huko mbele. Mnyonyeshe tu, mama, usitoke nje, kuna upepo. Tunaendelea.

Saa tisa alasiri simu ya dada ikalia kambini. Jirani.

"We dada, mama yuko huko?"

"Huku? Mama huku atafuata nini?"

"Hayupo nyumbani. Mlango umerudishiwa tu. Simu yake iko kwenye chaji. Nimeuliza huku kote, hakuna aliyemwona tangu mchana. Na wingu hilo unaliona?"

Dada aliliona. Lilikuwa limeukalia msitu, jeusi, na kwa watu wa kazi ile mvua kubwa ni adui, kwa sababu inaosha harufu za watu ardhini. Tena wiki hiyo nyati walikuwa wakitoka msituni kila jioni kula mahindi. Na mama yule, kwa miguu ile, asingeweza kumkimbia hata kuku.

Afande hakuuliza maswali. Alichukua ufunguo wa pikapu, akampakia Bahasha nyuma, akamwambia dada, "Panda." Walipofika nyumbani walimkuta jirani amekaa kizingitini, amechochea moto jikoni ili mama akirudi akute pana joto. Dada akaingia ndani, akachukua foronya ya mto wa mama, akampa Bahasha anuse. Akafunga kamba kwenye mkanda wa kifuani. Akasema lile neno lao la kazi.

Bahasha akainamisha pua. Akazunguka uwanja mara moja. Akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye uwazi wa uzio unaotokea shamba la mahindi.

"Siyo huko," dada akasema kwa sauti ndogo. "Huko ndiko anakokatia majani ya ng'ombe. Hiyo ni harufu ya jana." Wala hakuvuta. Aligeuka tu, bega lake likatazama barabara.

Bahasha akasimama. Akamtazama. Akainusa tena ardhi ya nyuma ya nyumba, akamtazama tena. Halafu akarudi, akashika njia ya barabarani, pua chini, mkia juu, na dada akamfuata mbiombio huku moyoni anasema, nilijua. Nilijua tu. Amekwenda kwa kaka.

Walifika kituo cha basi. Bahasha akazunguka nguzo, akazunguka benchi, akakaa chini, akatikisa mkia.

Pale kituoni palikuwa na mwanamke anayeuza maandazi. Dada akamuuliza, "Mama yangu amepanda basi la saa ngapi?"

"Mama yako? Leo sijamwona, mpenzi. Nimeshangaa hata basi lilipokuja, nikasema leo mtu wetu yuko wapi. Jana alikuwepo, juzi alikuwepo. Leo hapana." Kisha akamwona dada uso ulivyo, akafunika beseni lake la maandazi, akasema, "Ngoja nifunge, nije tumtafute wote."

"Asante dada, baki. Labda hukumwona. Labda amepanda lori."

Afande alikuwa amewafuata nyuma. Alikaa kwenye benchi, akamvuta Bahasha shingoni taratibu, akampangusa vumbi puani. Kisha akasema, "Mama hakupita hapa leo."

"Bahasha amenileta hapa, Afande."

"Wewe ndiye uliyemleta. Mimi nilikuwa nyuma yenu, nimeona. Mbwa alishika nyuma ya nyumba, wewe ukamnyima."

"Afande, mimi namjua mama yangu. Kama ameondoka, ameondoka kumfuata mwanawe. Hana pengine pa kwenda."

"Unajua, binti? Au unaogopa?"

 Machozi yakamtoka dada palepale mbele ya watu wa kituo. Akasema, "Sitamani awe kwa kaka, Afande. Mungu anajua sitamani. Lakini ndiko aliko siku zote."

Afande akasimama. "Tumeshapoteza karibu saa nzima, na mvua inakuja. Tunarudi nyumbani, tunaanza upya. Na mara hii utafunga macho."

"Nifunge macho?"

"Ufunge. Ukiona njia, utaichagua. Mimi nitakushika bega, nitakuambia shimo na jiwe. Mengine yote mwachie mbwa."

Wakarudi. Foronya tena. Neno la kazi tena. Dada akafumba macho, akaishika kamba, mkono mmoja wa kuachia, mmoja wa kukusanya. Akaisikia kamba ikienda. Ikaenda nyuma ya nyumba.

Ndugu zangu, pale mkono wake ulitaka kusema tena. Ulitaka kukaza. Siyo rahisi kuachia kitu ambacho umekishikilia miaka sita, hata kama kitu chenyewe ni uchungu. Unakizoea. Unajua kitakuumiza wapi na kwa kiasi gani. Lakini akaachia. Kamba ikapita kiganjani, na yeye akapita uwazi wa uzio, majani ya mahindi yakimpiga usoni.

"Jiwe," Afande akasema. Baadaye, "Mteremko. Taratibu." Baadaye, "Mtaro, nyanyua mguu." Hakusema kitu kingine. Na ninyi nawaambia kile ambacho dada hakukijua wakati ule: Afande alikuwa macho, na alikuwa mwenyeji wa njia zile. Walipofika nusu ya mteremko alikwisha kuona wanaelekea wapi. Akayameza maneno yake. Alijua akisema, mkono wa dada utaanza kusema tena, safari hii kwa tamaa. Kuna wema wa namna hiyo, wa mtu kukaa na habari njema mdomoni ili isimharibikie anayengoja.

Walifika mahali kamba ikalegea. Dada alijua maana yake, mbwa ameinua kichwa, harufu imempotea. Ukifika hapo unasimama kama nguzo. Usisogee, usije ukaikanyaga njia. Usiite, usihimize. Unamwachia kamba yote, mbwa anakuzunguka, duara dogo, duara kubwa, na wewe unanyanyua mikono tu kamba isikufunge miguu. Matone ya kwanza ya mvua yakamwangukia dada shingoni. Moja. La pili. Kila kitu ndani yake kikasema, fungua macho, kimbia, fanya kitu. Hakufungua. Alisimama kwenye giza lake la mchana na kamba mikononi, akasema kwa sauti ambayo hata Afande aliisikia, "Mama, popote ulipo. Hata kama ni kwake. Nikukute tu."

Kamba ikavuta.

Ikavuta kwa nguvu, akaifuata nusu anakimbia, na mbele yake, kutoka chini kwenye korongo, akasikia sauti.

"We! We mbwa we! Toka! Nani mwenye mbwa huyu? Mtoeni jamani, nitampiga na kifuniko!"

Dada akafungua macho.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye korongo, kanga yote tope, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Mkono mmoja ameshika kifuniko kama ngao. Mkono mwingine umeinua hotipoti juu ya kichwa, Bahasha anairukia anainusa kwa furaha zote.

"Mama!"

"Mtoe kwanza! Ni makande yako haya, ataleta pua yake humo!"

Dada akamvuta Bahasha, akajitupa chini kwenye tope, akamshika mama usoni. "Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akanyoosha mkono ng'ambo ya korongo. Na ng'ambo, katikati ya miti, yalionekana mabati ya kambi ya mbwa. Hazikuzidi hatua mia tano.

"Swali gani hilo? Huku kuna nini kingine zaidi yako na mbwa wako?"

Dada akageuka, akayatazama mabati yale.

"Uliondoka hujala," mama akasema. "Nikasema nikupelekee. Njia ya barabarani mbali, miguu hii haiwezi, nikakata huku. Nikapotea mara mbili." Halafu akashusha macho, akaanza kukwangua tope kwenye hotipoti kwa kucha. "Nilikutana na watu. Sikuwauliza. Nitamuuliza mtu njia ya kwenda kwa mwanangu, na miaka sita amefanya kazi hapo? Niliona aibu, mama. Niliona aibu."

Afande akavua koti lake, akamfunika mama mabegani, akamgeuzia mgongo. "Panda, mama. Nimebeba watu wazito zaidi yako."

"Na mbwa?"

"Mbwa atatangulia."

Ndiyo hivyo. Walimfikisha nyumbani kwa mgongo wa Afande, na mvua kubwa iliwakuta mlangoni.

Sasa tuje kwetu sisi.

Saa nzima dada yule alikuwa anamtafuta mama yake barabarani, huku mama amekaa korongoni kwa ajili yake. Alikosea kwa sababu gani? Alikuwa hampendi mama yake? Alimpenda. Alikuwa mvivu? Alikimbia mpaka pumzi ikamwisha. Alikosea kwa sababu alikwisha kuamua kwamba yeye siye anayetafutwa. Basi. Na akishaamua, akamgeuza hata mbwa mwaminifu, mbwa aliyejua ukweli tangu uwanjani, akampeleka kwenye uchungu wake.

Sisi je? Ni mara ngapi tumekuja hapa kanisani tukiwa tumekwisha kuamua Mungu yuko kwa nani? Yuko kwa yule mwenye sauti nzuri kwenye kwaya. Yuko kwa yule ambaye ndoa yake ina amani. Yuko kwa mama fulani, maana kila akiomba anajibiwa, mimi nimeomba mtoto, nimeomba kazi, nimeomba mume arudi, naona kiti kitupu. Tunasikiliza Neno na mabega yetu yameshageuka. Likija neno la kukemea, tunasema, hili langu. Likija neno la kupendwa, tunasema, hili la jirani. Nani alikufundisha kugawa hivyo? Hakuna. Mkono wako unafanya wenyewe.

Na tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe. Mama mkwe amekuja na ndizi, unasema amekuja kukagua jiko. Mume kanyamaza, unasema anamwaza mwingine, kumbe hajui aanzie wapi kuomba radhi. Dada yako hakupiga simu mwaka mzima, na wewe umekwisha kuandika moyoni kwamba kakusahau. Huenda amesimama njia panda mahali fulani anaona aibu kuuliza njia ya kuja kwako. Siwaambii kila mtu anakuja. Wapo wasiokuja, tusidanganyane, na kaka wa yule dada mpaka leo hajaja. Nasema hujui. Acha kuamua kabla hujafika.

Na sisi akina mama wenye watoto, tusiwasubirishe. Mtoto anayefanya vizuri humwoni, kwa sababu hakupi shida, moyo wote unamkimbilia aliye mbali. Mama yule alimpenda binti yake siku zote, mimi nimemtunga na mimi najua. Lakini alimpenda bila kwenda. Upendo usiokwenda, njia yake huota majani, ukija kuitafuta siku ya siku unaishia korongoni na mguu umevimba. Nenda leo. Nenda shuleni kwake umtazame anavyokimbia. Nenda kibandani kwake ukanunue nyanya. Nenda na chochote kilichopo sufuriani.

Nimemaliza. Kabla hatujaomba, kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja ambaye amekwisha kuamua kwamba mtu huyo hampendi. Jina moja tu. Mtaje, halafu usimwambie Mungu kitu juu yake, usimweleze alikufanya nini, Mungu alikuwepo. Tunyamaze kidogo tu, tuone moyo utakwenda wapi usipoelekezwa.

Tusimame. Wenye watoto migongoni kaeni, mlivyo hivyo mnasikilizwa.